Jinsi ya kumpima mwunda programu mpya katika kipindi cha majaribio

Na MWANDISHI WETU

WAUNDAJI wa programu za tarakilishi wanaoajiriwa katika afisi za katikati mwa jiji la Nairobi, Upper Hill, Kilimani na Westlands aghalabu huanza kwa kipindi cha majaribio. Katika muda huo mwajiri humpima mwajiriwa, naye mwajiriwa humpima mwajiri.

Kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinaagiza kwamba kipindi hicho kisizidi miezi 6. Kinaweza kuongezwa kwa muda usiozidi miezi mingine 6, almuradi mwajiriwa akubali. Mkataba huo huvunjwa kwa ilani ya siku zisizopungua 7, au kwa malipo ya mshahara wa siku 7.

Kifungu hicho kilimnyima mwajiriwa aliye katika majaribio haki ya kusikizwa kabla ya kuachishwa kazi. Hata hivyo, mnamo Julai 2021 Mahakama ya Ajira na Leba iliamua, katika kesi dhidi ya Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kwamba kumnyima haki hiyo ni kukiuka Katiba. Mwajiri anayedai kuwa kazi ya mtu ni duni hupaswa kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa, na kumsikiza akiwa pamoja na mfanyakazi mwenzake.

Ndiposa tathmini isiyoandikwa popote ni hatari kwa pande zote mbili. Kijana anaweza kupoteza riziki bila kujua alikosea wapi, naye mwajiri akakosa la kuwaambia majaji.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini jembe liwe la kiasi chake. Katika juma la kwanza apewe tarakilishi, ruhusa za kuingia katika mitambo, mtu wa kumwuliza maswali na hitilafu ndogo ya kurekebisha. Kufikia mwisho wa mwezi wa kwanza amalize kazi ndogondogo kwa usaidizi. Kufikia mwezi wa tatu aweze kuchukua kazi moja na kuikamilisha mwenyewe.

Kazi ya kumpima iwe ya kweli. Mathalani, aombwe kuunganisha duka la mtandaoni na malipo ya M-Pesa. Ujumbe wa kuthibitisha malipo unaweza kuchelewa, au kufika mara mbili. Mwunda programu makini hukagua nambari ya muamala ili mteja mmoja asihesabiwe malipo mawili. Aidha, hufanya majaribio kwa majina na nambari za kubuni, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda habari za wateja.

Vipo vipimo vinavyopotosha. Wingi wa mistari ya msimbo si ithibati ya ustadi. Anayefuta mistari isiyohitajika huenda amefanya kazi bora kuliko aliyeiandika. Vivyo hivyo, kuketi afisini hadi usiku si bidii. Na maswali mengi katika majuma ya kwanza si udhaifu, kwa kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Dosari ni kuuliza swali lile lile kila juma, au kuficha kwamba kazi imekwama.

Makosa nayo yapimwe kwa haki. Kila badiliko la mgeni linafaa kukaguliwa na mwenzake kabla ya kuwafikia wateja. Hitilafu ikipenya, msimamizi aulize kwanza ni nani aliyeikagua.

Hatimaye, msimamizi na mwajiriwa wakutane angalau mara moja kwa mwezi. Waandike yaliyotimizwa, yaliyosalia na usaidizi unaohitajika, kisha kila mmoja atie sahihi na kubaki na nakala. Iwapo hayo yatafanyika, uamuzi wa siku ya mwisho, uwe wa kuajiriwa au kuagana, hautamshtua yeyote.