Jina la mwajiri hutangulia meli: historia ya kusaka wafanyakazi kuanzia Karema hadi Ikola

Mwaka 1879 tembo wanne kutoka India walishushwa ufukweni Msasani, Dar es Salaam, wakaanza safari ndefu ya kwenda Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini kidogo ya kijiji cha Ikola. Aliyegharamia safari hiyo ni Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambaye watu wake walikuwa wakifungua kituo Karema mwaka huohuo. Alitaka kujua kama mnyama angeweza kushika nafasi ya mpagazi. Tembo mmoja tu ndiye aliyefika Karema. Mwaka uliofuata kiongozi wa msafara, Frederick Carter, aliuawa pamoja na mwenzake Cadenhead huko Mpimbwe, ndani ya Mkoa wa Katavi wa leo, walipokutwa na vita ya mtemi Mirambo.

Gharama yote hiyo ilitokana na jambo moja: wapagazi walikuwa na sauti. Wanyamwezi, waliobeba sehemu kubwa ya biashara kati ya pwani na maziwa, hawakuwa watu wa kubebeshwa tu. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, na kabla ya kuuinua begani mpagazi alitaka kumjua kiongozi wa msafara, posho na njia itakayopitwa. Posho ikipungua katikati ya safari, waligoma. Fimbo ikizidi, walitoroka usiku, na habari zao zikafika kambi inayofuata kabla ya msafara wenyewe. Mwenye msafara aliyepata jina baya aliweza kukaa Tabora muda mrefu akitafuta watu, huku mwenzake mwenye jina zuri akiondoka. Tembo hana wa kumsimulia wala hagombei posho, na nadhani hilo ndilo lililomvutia mfalme yule.

Siku hizi maofisa rasilimali watu hukaa kwenye semina kujifunza namna mwajiri anavyojijengea jina ili wenye ujuzi wamkimbilie badala ya yeye kuwafukuzia. Katika mwambao huu jambo hilo lina umri wa zaidi ya miaka 140, na historia yake inaonyesha wazi kuwa wanaoliandika jina la mwajiri ni wale waliokwisha kumfanyia kazi.

Mwaka 1885 kituo cha Karema kilikabidhiwa kwa mapadre Wamisionari wa Afrika, yaani White Fathers. Miaka minne baadaye akafika Adrian Atiman, mtu wa Afrika Magharibi aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari hao na kupelekwa Malta kusomea udaktari. Alikuwa katekista na daktari. Karema ya wakati huo ilikuwa mbali na kila kitu, na kijana mwenye elimu yake angeweza kutafuta mji. Alibaki Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67 katika kituo kimoja. Imani ilikuwa na sehemu yake, bila shaka. Lakini tuseme pia kwamba alikabidhiwa kazi kamili ya udaktari na kuaminiwa kuifanya, katika zama ambazo Mwafrika hospitalini mara nyingi aliishia kufagia na kubeba machela. Kuaminiwa namna hiyo kunamfunga mtu mahali kuliko mkataba.

Waingereza walipoitawala Tanganyika, kodi ya kichwa iliwasukuma wanaume watoke nyumbani kutafuta fedha. Mashamba ya mkonge ya Tanga, Morogoro na kwingineko yalikuwa na njaa ya watu. Mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge kikaunda ofisi ya pamoja ya kuandikisha vibarua, maarufu kama Silabu. Mawakala wake walizunguka mikoa ya magharibi, kuanzia Buha hadi Ufipa, wakiahidi nauli ya bure, chakula, matibabu na safari ya kurudi nyumbani mkataba ukiisha. Walioandikishwa walipanda treni ya Reli ya Kati na kwenda Tanga kwa malori, kwa kuwa reli ya kuunganisha njia hizo mbili haikufunguliwa hadi 1963. Wakaitwa manamba. Baadaye wenye mashamba walianza kuwahimiza waje na wake zao, wakijua kuwa mtu mwenye familia hakimbilii kuondoka.

Sasa tazama kipande, ile kadi aliyopewa kibarua shambani. Kilikuwa na nafasi 30, kila moja kwa siku moja ya kazi. Mkataji alitakiwa kukata majani, kuyafunga mafungu ya majani 30 na kuyapanga kandokando ya njia ya troli. Akimaliza kazi aliyopimiwa, siku yake ilitiwa alama. Asipomaliza, siku ingeweza kupita bure. Ujira ulilipwa nafasi zote 30 zilipojaa, na kwa kawaida alipewa siku 42 za kuzijaza. Basi jina la shamba lilikaa mikononi mwa mnyapara mwenye kalamu. Mnyapara mwenye haki aliwaletea Silabu watu wengi kuliko wakala mwenye maneno matamu, kwani aliyemaliza mkataba alirudi nyumbani na kadi yake kichwani, akasimulia siku zilizohesabiwa na zilizopotea. Vibarua waliyapa mashamba na mabwana zao majina ya utani, na mara nyingi jina la utani lilitosha kumwonya mgeni.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Silabu ilijitembeza kwa karibu miaka 20. Ujira ulipopanda, chini ya shinikizo la vyama vya wafanyakazi na baada ya Uhuru chini ya sheria ya kima cha chini, watu walianza kuja mashambani kwa miguu yao na kazi ya mawakala ikafifia. Kusini mwa nchi, Wenela, shirika la kuandikisha vibarua, lilikuwa likikusanya vijana kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Serikali ya Tanganyika huru ilikataza uandikishaji huo.

Karibu na Ikola palizuka mwajiri wa aina nyingine. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba madini ya risasi huko Mukwamba, Mpanda, na kwa ajili yake ilijengwa reli ya kutoka Kaliua, kilomita 210 hivi, iliyokuwa tayari kufikia 1950. Mji wa Mpanda ulikua kwa mgodi huo. Kijana wa mwambaoni aliweza kupata mshahara bila kuvuka nusu ya nchi, akarudi kwao msimu wa kulima. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, na kilichobaki ni treni na mji usio na mwajiri wake.

Ikola yenyewe imebaki na waajiri wake wa siku zote, wenye mitumbwi na nyavu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Kunapokucha, gharama za mafuta na chakula huondolewa kwanza, kisha mapato yanagawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi. Hesabu hiyo hufanyika ufukweni, mbele ya macho ya watu. Tajiri anayeongeza gharama za uongo hujulikana, na vijana wenye nguvu huhamia chombo cha jirani. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, nadhani kila tajiri alikuwa na swali moja: wavuvi wangu watarudi?

Swali hilohilo linaukabili Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012, kila ajira za walimu na wauguzi zinapotangazwa. Mwalimu mpya anayepangiwa Ikola humpigia simu aliyetangulia kabla hajafunga sanduku, na huuliza kuhusu nyumba, maji, barabara wakati wa masika, na malimbikizo. Jibu la simu hiyo lina nguvu kuliko tangazo lolote. Yapo mambo ya kuringia: bandari mpya ya Karema, na vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vinavyoutunza msitu wa Ntakata na kutumia fedha za biashara ya kaboni kujenga madarasa na zahanati.

Naiomba halmashauri ya wilaya hiyo, na kila anayekusudia kufungua mradi bandarini Karema, aanze na mfanyakazi aliyeko kazini leo. Ajengewe nyumba, alipwe stahili zake kwa wakati, na apewe kazi kwa kuaminiwa kama alivyoaminiwa Atiman. Fedha za mabango na semina ziende huko kwanza.