Foromali inayopinda kwenye hesabu za kompyuta

Msikilizaji, tazama foromali ya jahazi pale Kilwa Kivinje kusi inapokaza: ncha yake hupinda, tanga likaachia upepo kidogo, kisha hurudi. Isingepinda, kishindo chote kingeishia kwenye henza na mlingoti.

Programu za kompyuta zinazokokotoa mwendo wa mitambo kwa kawaida huchukua kila kipande kuwa hakipindi kabisa. Mhandisi akitaka kipinde, hukiandaa kwanza kwenye programu nyingine: hukigawa vipande vidogo vingi, huweka uzito na ugumu wake, kisha hubakiza namna chache tu za kupinda na kutikisika. Njia maarufu ya kufanya hivyo ilitolewa na Craig na Bampton mwaka 1968. Faili linalotoka humo ndilo huingizwa kwenye programu ya mwendo.

Wengi hukosea kwenye sehemu za kufungia. Foromali huning'inia kwenye henza. Ukiiambia kompyuta kwamba imeshikwa mwishoni, itakuonyesha inavunjika mahali pengine kabisa. Ukichanganya milimita na mita, ndiyo basi tena.

Njia hii ni ya kitu kinachopinda kidogo. Tanga lenyewe, linalokunjika na kupigapiga, linahitaji hesabu nyingine.