Kelele na Sauti: Mapenenga ya Kyela Mbele ya Mashine

Baada ya Vita Kuu ya 1914–1918, ambayo ilifika hadi Karonga mnamo Septemba 1914, vijana wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa walikuwa wamekwisha kuziona bendi za askari. Tarumbeta za shaba hawakuwa nazo. Vibuyu walikuwa navyo. Wakavitoboa, wakaziba tundu moja kwa utando wa buibui, wakaimba ndani yake, nao utando ukaitikia kwa mvumo wa kukwaruza. Ng'ambo ya mto Songwe, huko Malawi, ngoma hiyo huitwa malipenga. Kyela huitwa mapenenga. Mvumo ule si dosari. Ndio uliokusudiwa.

Hatari ya ngoma hii leo imo katika maana ya neno moja, kelele, linapotumiwa na fundi wa sauti.

Zamani za ukanda wa sumaku, tangu kituo cha Dar es Salaam kilipoanza kutangaza mwaka 1951 na hata kilipoitwa Radio Tanzania mwaka 1965, kuhariri sauti kulikuwa kazi ya mikono. Fundi aliutia ukanda alama kwa penseli, akaukata kwa wembe kwa mshazari, akauunga kwa utepe wa gundi. Ujanani nilishuhudia, katika studio moja, mwanzo mzima wa ngoma, wapigaji wanapojipanga na kuitana, ukiangukia sakafuni kwa kuwa kipindi kilikuwa kifupi. Ulifagiwa jioni ile ile.

Mfumo wa dijitali umebadili maana ya kukata. Mashine huipima sauti mara nyingi mno kila sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. Sikio la binadamu husikia mitetemo ipatayo 20,000 kwa sekunde. Nayo kanuni yataka sampuli zizidi mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa unaonaswa, ndiyo maana sahani za CD zilipewa sampuli 44,100. Biti nazo huonyesha wingi wa ngazi za kupimia: biti 16 hutoa ngazi 65,536. Watunza kumbukumbu hushauri sampuli zisipungue 48,000, na biti ziwe 24. Fundi akikata sasa, aghalabu huiandikia mashine agizo tu; sauti ya asili hubaki nzima, mradi asihifadhi kazi mpya juu ya ile ya kwanza. Wengi huhifadhi juu yake!

Pigo la ngoma likizidi kipimo, kilele chake hukatwa kikawa bapa, na sauti ikapasuka. Dawa yake ni kupunguza nguvu kabla ya kunasa, kwani baadaye ni vigumu kurudisha kilichokatwa. Lakini kuondoa kelele kuna hila zaidi. Mashine huonyeshwa mfano wa kelele, kisha hupunguza kila kinachofanana nao. Mvumo wa kibuyu una mitetemo mingi ya juu, nao hufanana na mkwaruzo wa ukanda mkuukuu. Fundi asiyeijua mapenenga huisafisha, akabakiza watu wanaoguna.

Anayeijua huchukua mfano wake katika ukimya, kabla kibuyu cha kwanza hakijapulizwa, husafisha kidogo, na faili la kwanza huliweka kando bila kuligusa, limeandikwa kijiji, tarehe na majina ya wapulizaji.