Kemia, Majina na Kiini

Wanafunzi wa lugha hutuuliza mara kwa mara kama istilahi ni jina tu, au hubeba na wazo ndani yake. Safari hii tunajibu kwa kisa cha kemia.

Mwaka 1896 Paul Walden, mkemia wa mjini Riga, alitangaza jambo lililowashangaza wenzake. Alichukua asidi ya maliki, ile iletayo uchachu katika tofaa, akaitia klorini, kisha akaiondoa klorini hiyo kwa oksidi ya fedha. Alirudi kwenye asidi ile ile, ila molekuli zake zilikuwa zimegeuka, kama mkono wa kulia unavyoonekana wa kushoto katika kioo. Mgeuko huo ulitokea hatua ipi? Kwa miaka mingi wakemia walibishana.

Katika miaka ya 1930, Christopher Ingold na Edward Hughes wa University College, London, walieleza kwamba ziko njia mbili. Katika njia ya kwanza mgeni huingia kwa mlango wa nyuma wakati ule ule mwenyeji anapotokea mbele, na mikono mitatu ya kaboni iliyobaki hupinduka kama mwavuli uliopigwa na upepo. Mwaka 1935 Hughes na wenzake walithibitisha kwa iodini yenye mnururisho kuwa kila badiliko moja hugeuza molekuli moja. Katika njia ya pili mwenyeji huondoka kwanza, mgeni akaingia upande wowote, na maumbo yakachanganyika.

Sasa tuje kwenye majina, yanayotuhusu zaidi. Mwaka 1925 Arthur Lapworth wa Manchester alipendekeza maneno anionoidi na kationoidi, yaani kinachofanana na anioni na kinachofanana na kationi. Robert Robinson aliyatumia. Mwaka 1933 Ingold akaleta nyukliofili na elektrofili. Robinson alikasirika: kwake yeye, hayo yalikuwa mawazo ya zamani yaliyovishwa nguo mpya. Robinson alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1947, Ingold hakuipata kamwe, lakini vitabu vyote leo vinasema maneno ya Ingold.

Tunadhani maneno hayo yalistahili kushinda. Amonia si anioni, haina chaji, lakini hushambulia kaboni vizuri tu. Neno la Lapworth linasema kitu kinafanana na nini. La Ingold linasema kinafanya nini: kinapenda kiini, maana kina elektroni za kutoa. (Neno lenyewe ni chotara, nusu Kilatini nusu Kigiriki, na Kilatini chake kinatokana na kokwa.)

Sisi tunacho kiini, cha yai, cha hoja na cha atomu. Mwanafunzi mmoja alipendekeza "mpendakiini". Wengine walipinga kwamba ngeli ya watu haifai kwa amonia, wakataka "kipendakiini", wingi "vipendakiini". Tunaelekea upande wa hawa wa pili, kwani hata kile kinachofukuzwa hupata jina kwa urahisi: kiondokacho.