Kete, Sanamu, Chombo

Mchezo unaitwa Full Thrust. Mwandishi wake ni Jon Tuffley wa Uingereza, na ulitoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 chini ya kampuni ya Ground Zero Games. Ni vita vya anga za juu vinavyopiganwa mezani kwa rula, dadu na penseli. Kila mchezaji huandika amri za vyombo vyake kwa siri, kisha vyote husogezwa kwa pamoja. Chombo kilichokwisha kushika kasi hakisimami kwa sababu wewe umechoka. Huendelea na mwendo ule ule mpaka utumie msukumo kukipunguza au kukigeuza, kama ambavyo kingefanya huko juu kusiko na hewa ya kukizuia.

Nimekuwa nikiucheza kwa Kiswahili na mpwa wangu, na silaha hazikutupa taabu. Mwale, ngao, topido: maneno yalikuja yenyewe. Taabu ilikuja pale nilipotaka kukitaja kile kitu chenyewe kidogo kinachowekwa mezani. Kinaitwaje?

Jibu la kwanza la Mswahili ni kete. Aliyekulia kwenye bao hana haja ya kufikiri: kitu kinachosogezwa mchezoni ni kete, na kete za bao pwani ni komwe, mbegu ngumu za kijivu zinazoteleza mkononi. Hakuna anayeiuliza komwe inafanana na nini. Kwa kanuni za Full Thrust, jibu hili ni sahihi kabisa, kwa kuwa umbali hupimwa kutoka kwenye kijiti kinachokishikilia chombo juu ya kitako chake. Ncha ya mbele haihesabiki, wala bawa. Kikiwa kikubwa kama kiganja au kidogo kama harage, mbele ya sheria ni nukta moja tu.

Lakini hakuna mtu aliyezunguka maduka mwezi mzima akitafuta komwe inayofaa. Wachezaji wa vita vya angani huzunguka. Hununua vyombo vya madini vilivyosubuliwa, huvipaka rangi kwa brashi ya nywele tatu, hubishana kama mkia huu ni wa chombo cha kivita au cha mizigo. Jicho linadai kitu ambacho kanuni hazidai, na kete haina nafasi ya dai hilo.

Basi tuseme sanamu. Neno hili nalipenda, kwa sababu limebeba kufanana: sanamu ni ya mtu fulani, ya simba fulani. Katika X-Wing, mchezo uliotoka mwaka 2012, linakaa vizuri. Vyombo vyake viliuzwa vikiwa tayari vimepakwa rangi, vingi kwa skeli ya 1:270, na kila kimoja ni sanamu ya chombo ulichokwisha kukiona kwenye filamu za Star Wars. Kwa Full Thrust mambo ni tofauti. Kanuni zake hazikufungi kwa vyombo vya kampuni yoyote. Unaruhusiwa kuweka mezani chochote ulicho nacho. Sasa sanamu ya nini, ikiwa chenyewe hakijawahi kuwapo?

Na hata skeli inatutupa mkono. Tuseme inchi moja mezani ni kilomita 1,000. Chombo chenye urefu wa mita 500, yaani kirefu kuliko meli zote za mizigo tunazoziona zikiingia bandari ya Kilindini, kingekuwa mezani na urefu unaozidi kidogo tu sehemu ya mia ya milimita moja. Unywele wako ni mnene kuliko hapo. Kitu pekee chenye ukubwa wa kweli mezani ni ule utupu ulio kati ya chombo na chombo.

Limebaki chombo, na hapa ndipo ninapokaa kwa furaha. Bara neno hili hukupeleka jikoni au kwenye karakana: vyombo vinaoshwa, vyombo vya fundi. Pwani, mtu akisema chombo kimetia nanga, hakuna anayewaza sufuria. Ni kile kinachobeba, kiwe kimebeba mchuzi, sauti au watu na mizigo yao. Kwa hiyo tunaposema chombo cha anga za juu hatukukopa picha ya meli ya mtu mwingine. Tumelisogeza mbele neno letu la baharini, na si la kwanza kusafiri hivyo. Rubani alikuwa mtu wa baharini kabla hajapanda ndege. Usukani ulitoka kwenye jahazi ukaingia kwenye basi. Nahodha yuko uwanja wa mpira na kitambaa mkononi.

Tulipofika kwenye pande za chombo, ambazo mchezo unazihitaji ili kujua mzinga upi unamfikia nani, mpwa wangu alikuwa anasema mbele na nyuma. Nikampa omo na tezi. Akazipenda siku hiyo hiyo, kwa sababu mbele inaweza kuwa mbele yangu au mbele yako, lakini omo ni ya chombo tu, popote kinapoelekea. Nilitamani kumpa na joshi na demani, nikashindwa kwa haki. Maneno hayo yanategemea upepo unakotoka, na huko juu hakuna upepo wa kujaza tanga.

Kuna kitenzi pia. Nyumba hujengwa, chombo huundwa. Leo tunaunda kamati na serikali, lakini kitenzi hiki kina harufu ya mbao na sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo. Mchezaji anayekata kifuniko cha manukato, akakibandika kwenye nusu ya kibanio cha nguo, anaunda. Waliotengeneza vyombo vya filamu ya kwanza ya Star Wars, ya mwaka 1977, walifanya hivyo hivyo: walifungua maboksi ya vifaru na manowari za plastiki za kuunga, wakabandika vipande vyao juu ya viwiliwili vya vyombo ili jicho liamini ukubwa. Kwa vipande hivyo vidogo visivyo na kazi ila kulishibisha jicho, Kiswahili kina neno ambalo silibadilishi kwa lingine lolote: vikorombwezo.

Penye upungufu ni kwenye madaraja. Kiingereza kina majina mengi ya meli za kivita, kila moja na ukubwa na kazi yake; sisi tuna manowari, nalo tulilitwaa kwao. Kwa muda nilikuwa naongeza sifa: manowari ndogo, manowari ya doria, manowari kubwa, manowari kubwa zaidi. Mezani ilikuwa inachosha kama kusoma risiti.

Baba yangu ndiye aliyenifungua macho. Ilikuwa Ramadhani, baada ya futari, nasi tumetandaza kitambaa cheusi chenye nyota za chokaa. Alikuwa amekaa pembeni na sahani ya tende. Akaokota kokwa moja, akaifuta kwa kidole gumba, akaiweka kati ya vyombo vyetu.

“Hili bumu,” akasema.

Ujanani aliyaona yakiingia Bandari ya Kale, Mombasa, na msimu wa kaskazi, yamejaa tende, yakirudi na boriti. Akatueleza bila haraka: bumu limechongoka pande zote mbili, bagala lina shetri refu, limekatwa wima nyuma, mtepe ulishonwa kwa kamba bila msumari, na tanga lake la mkeka lilikuwa la mraba. Hakutaja uzito wala idadi ya mizinga. Alikuwa anataja vivuli, vile mtu anavyokitambua chombo kikiwa bado mbali, na hivyo ndivyo mchezaji anavyovitambua vyake upande wa pili wa meza. Usiku ule tuliacha kuhesabu ukubwa. Vyenye nyuma pana vikawa mabagala, vyembamba vikawa mabetili, jina lingine alilotupa, na makokwa yale, kwa mfereji wao chini ya tumbo, yakawa mabumu.

Tulipotaka kucheza, mpwa wangu akakwama.

“Mjomba, omo iko wapi?”

Kweli, kokwa imechongoka huku na huku. Akaenda kwa mama yake, akarudi na chupa ya rangi ya kucha, akatia nukta moja nyekundu kwenye ncha aliyoichagua, akaipuliza mpaka ikakauka.