Beki kisiki

Kwenye viwanja vya vumbi vya Chang'ombe, Dodoma, beki wa sekondari aliyejaa kifua husifiwa mapema: "Huyo kisiki!" Sifa tamu, ila ina mtego. Kisiki hubaki palepale. Mshambuliaji mjanja hukizunguka tu. (Wengine husema "ukuta". Nao hausogei.) Anayesaka vipaji kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, atazame miguu kabla ya kifua: kijana anageuka upesi? Anaisoma pasi kabla haijapigwa? Akipitwa, anarudi au ananyoosha mkono kudai kuotea? Misuli itakuja, bado anakua. Hata kwenye mpira wa kikapu, Mtanzania Hasheem Thabeet, aliyetoka Chuo Kikuu cha Connecticut akachaguliwa wa pili NBA mwaka 2009, hakutegemea urefu pekee: kuzuia mitupo kunadai kuruka kwa wakati wake.