Nyama kwa pilipili, maharage yakae pembeni

Wadau, leo siasa tuiache ipumzike. Tuongee nyama. Nyama choma imeshasemwa sana, na kila mtu ana baa yake anayoitetea, kwa hiyo hiyo tuiweke kando. Nazungumzia nyama ya ng'ombe iliyokaa jikoni saa kadhaa na pilipili ya kutosha mpaka mchuzi ukawa mzito na mwekundu, bila punje hata moja ya maharage. Kule Texas, Marekani, wanaiita chili, na mwaka 1977 bunge la jimbo liliipitisha kuwa chakula rasmi cha jimbo. Wazee wa huko ukiwawekea maharage wanaona umewatukana.

Mimi huipika chumbani kwangu hapa Musoma, na karibu kila anayeonja ana kauli ile ile: haya mapishi ya Kizungu haya! Hapo ndipo huwa tunagombana.

Hebu tukague sufuria. Pilipili, nyanya na hata hayo maharage niliyoyafukuza, asili yake ni bara la Amerika. Vilivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya 1492, na kwa pwani yetu meli za Wareno zilikuwa njia kubwa. (Maharage tunayoapa kuwa ni chakula cha babu! Ya babu hasa ni kunde.) Neno pilipili lenyewe lilikuwa la ile nyeusi ya Asia, ambayo siku hizi inabidi tuiite pilipili manga ili tuelewane. Na walioipa chili jina mjini San Antonio walikuwa akina mama wenye asili ya Meksiko, waliouza usiku kwenye viwanja vya mji tangu miaka ya 1880, mpaka maofisa wa afya walipowabana kwenye miaka ya 1930 na 1940. Mama lishe wote duniani ni ndugu, na mgambo vilevile.

Anayebaki ni ng'ombe. Huyo ndiye mwenyeji, yupo kanda hii kwa zaidi ya miaka 2,000. Lakini mwenyeji huyu hakuwa mboga. Huku Mara ng'ombe alikuwa maziwa, mahari, fidia na heshima ya boma. Alichinjwa kwa sababu: msiba, tohara, harusi, mgeni mzito. Chifu Nyerere Burito wa Butiama, baba yake Mwalimu, alikuwa na wake 22. Kwa mahari ya ng'ombe, fanya hesabu mwenyewe. Sasa mtu uende buchani Jumanne jioni, useme "nikatie nusu kilo", ukapike peke yako umefunga mlango... wazee wa enzi zile wangekuita mchawi.

Na mwenyeji huyu nusura atutoke kabisa. Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikashuka kusini, na kufikia 1891 ilikuwa imeshafika huku. Sehemu nyingi iliua ng'ombe 9 kati ya 10. Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita mwaka 1892 kutoka Ngorongoro kuelekea Ziwa Victoria, aliandika habari za Wamasai waliobaki ngozi na mifupa wakiomba chakula kwenye kambi yake. Ndui na njaa zikafuata. Halafu, kwa kuwa hapakuwa na mifugo ya kula majani wala watu wa kutosha wa kuyachoma, vichaka vikapanda, na ndani ya vichaka wakaja mbung'o na ugonjwa wao wa malale.

Sehemu inayofuata naipenda kuliko zote, na ajabu haisimuliwi sana. Upande wa mashariki ya Bunda, Waikizu, Wanata na Waikoma waliingia porini kuwinda nyumbu, wakachukua mikia, wakaipeleka Usukuma ambako ilikuwa na soko, wakarudi na mifugo. Mkia kwa mkia, zizi likaanza tena kuwa zizi. Mwaka 1951 Serengeti ikawa Hifadhi ya Taifa. Leo mjukuu wa mwindaji yule akikutwa na mkia ule ule anaitwa jangili na anakwenda mahakamani. Sisemi ujangili ni mzuri, nasema tu kwamba katika mikutano yote ya uhifadhi niliyotumwa kuandika habari zake sijamsikia hata mgeni rasmi mmoja akiitaja mikia hiyo.

Deni hilo ng'ombe alilirudisha bila kujua. Walter Plowright na wenzake pale Muguga, Kenya, walitengeneza chanjo nzuri ya sotoka iliyoanza kutumika kwenye miaka ya 1960. Kampeni za chanjo zilizokuwa zikiendelea kuzunguka Serengeti ziliwalenga ng'ombe, si wanyama wa porini. Ng'ombe wakaacha kuwaambukiza nyumbu, na ndama wa nyumbu wakaacha kufa. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa kama 250,000 hivi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa wamepita 1,300,000. Ukipita na basi pale Ndabaka, kati ya Lamadi na Bunda, ukawaona dirishani, ujue sindano aliyochomwa ng'ombe wa mwanakijiji imo humo. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani, ugonjwa wa pili baada ya ndui.

Kwa hiyo nusu kilo ya Jumanne siipiki kwa haraka. Naomba shingo na kidari, vyenye mafuta yake, nakata vipande vidogo kwa kisu (nyama ya kusaga inageuka uji). Naikaanga kidogo kidogo kwa mafuta yake yenyewe mpaka iwe kahawia. Kitunguu, kitunguu saumu, bizari nyembamba. Pilipili kavu naziloweka maji ya moto, natoa mbegu, natwanga. Pilipili kichaa moja au mbili, kwa wanaojiamini. Nyanya chache tu, isije ikawa rosti. Maji, funika, mkaa uwe wa kuzubaa, saa 2 na nusu au 3. Mwishoni kijiko cha unga wa dona ili mchuzi ushike.

Maharage? Waliosoma bweni wananielewa. Miaka 6 mimi nimekula maharage mchana na usiku, na wadudu wake wakiwa ndiyo nyama yetu. Hayaingii kwenye sufuria yangu tena.

Na usinipe wali. Mchuzi huu unataka ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, ule mweusi mweusi, mgumu, wa kumega kwa nguvu.